Mtia Chumvi wa Pasiansi Aliyeishiwa Chumvi

Wakazi wa Pasiansi, Kiseke na kote ambako siku hizi watu wanatembea na chupa ya maji mkononi kana kwamba ni hati ya kusafiria, mnatangaziwa rasmi kwamba Mzee Mbaruku, mtia chumvi samaki kwa zaidi ya nusu ya umri wake, mtu ambaye viatu vyake, ndevu zake na hata kofia yake ya Ijumaa vina ukoko mweupe wa chumvi, alikutwa hana chumvi. Siyo ya jikoni. Ya mwilini. Mnaombwa kuipokea taarifa hii kwa utulivu, na anayetaka kucheka acheke kwa staha, maana jambo lenyewe nusura limnyang'anye baba haki ya kumwoza binti yake kwa mdomo wake mwenyewe.

Kwanza mumjue. Ukishuka kutoka barabarani pale Pasiansi kuelekea ziwani, ukapita kati ya majabali yaliyokaliana kama watu waliobebana mgongoni, utafika kwenye mwalo mdogo wa kushushia samaki ambao harufu yake inakupokea kabla ya watu. Asubuhi ukungu unakuwa bado umelala juu ya maji, haujaamua kama ni wingu au ni moshi wa mtu, na ndani yake utamwona mtu mrefu amevaa mabuti ya mpira, ameinama juu ya karo la saruji. Ndiye huyo. Anatengeneza kayabo. Sangara anapasuliwa mgongoni, anafunguliwa kama kitabu, anasuguliwa chumvi ya mawe kila mahali, halafu analazwa karoni juu ya mwenzake, safu kwa safu, mpaka maji yamtoke. Baadaye anaanikwa juani kwenye vichanja, anakauka mpaka anakuwa mgumu kama ubao wa mlango, na safari ya Kongo inaanza. Kule wanamsubiri kwa hamu. Sisi huku tunabaki na harufu.

Siku nzima mikono ya Mbaruku iko ndani ya chumvi hadi viwikoni, na jinsi anavyosugua, polepole, macho yakiwa mbali kwenye maji, utadhani anampaka mtoto mafuta baada ya kumwogesha. Safu nyeupe za samaki zinalala wazi mbele yake. Jua likizipiga, mwalo wote unawaka weupe, na mtu akikaa hapo kwa muda anaanza kusahau mbingu iko upande gani. Mbaruku amekaa hapo maisha yake yote ya utu uzima. Msishangae basi.

Maisha hayo yamempa nadharia. Vyuo vikuu vimejaa nadharia ambazo hazijawahi kumkausha hata samaki mdogo kama furu, kwa hiyo na Mbaruku aachiwe yake. Anaamini kwamba chumvi inaingia kwa ngozi. Mkono ukishinda ndani ya chumvi, unakunywa, na mkono wake umekunywa magunia kwa magunia. Mwili umejaa. Kumwongezea nyingine kwenye mchuzi ni kumgeuza yeye mwenyewe kayabo, aanikwe, afungwe kamba, apelekwe Kongo. Kwa sababu hiyo mkewe, Bi Safia, alikuwa akipika sufuria mbili: moja ya watu, na moja ya Mbaruku, isiyo na chumvi hata ya bahati mbaya, mboga yenye ladha ya barua ya serikali.

Ushahidi alikuwa nao, tena wa kuvaa. Jioni akivua shati, mgongoni unakuta pamechorwa ramani nyeupe, na visiwa vyake na ghuba zake, pale jasho lilipokauka. Mtu mwingine angeitazama ramani ile akasema, jamani, chumvi inanitoka. Mbaruku aliinyoosha mbele ya wenzake mwaloni, akaionyesha kwa kidole kama mwalimu wa jiografia.

"Mnaona?" akasema. "Inafurika."

Na wenzake, ambao mashati yao yalikuwa na ramani zao, wakaitikia kwa vichwa. Nadharia nzuri ndiyo hiyo, isiyombishia mtu.

Halafu yakaja mawaidha ya maji. Yalikuja kwa simu, kama yanavyokuja mambo yote siku hizi: sauti ya mtu asiyejulikana, muziki wa huzuni nyuma yake, akiwaambia Waafrika wote wanywe maji mengi, wanywe kabla ya kiu, wanywe mpaka mkojo uwe kama maji ya mvua, maana uchovu ni maji, hasira ni maji, ndoa kuyumba ni maji. Bi Safia aliyatuma kwa mumewe kwa mapenzi mema. Mbaruku akanunua dumu la njano, akawa analijaza maji yaliyochemshwa na kupoa, na kulibeba kila aendako. Mtu wa kutokwa jasho kuanzia asubuhi hadi jioni, halafu anarudisha maji matupu, na chumvi harudishi hata punje. Kila mara alipojisikia mzito kichwani alikunywa. Akijisikia mzito zaidi, alikunywa zaidi.

Sasa mtauliza, nyumbani hawakuona kwamba mtu anabadilika? Hapo ndipo penye uchungu wake. Mbaruku ni mtu wa kuota tangu zamani. Ukimtuma dukani anarudi na habari za wingu. Anaweza kusimama katikati ya maongezi, akanyamaza, halafu baadaye sana akajibu swali ambalo wenzake wameshalisahau, tena akalijibu vizuri. Ni mtu wa upole wa namna hiyo, wa mbali kidogo, kama redio ya jirani. Kwa hiyo alipoanza kuwa mbali zaidi, watu walisema ni yeye tu.

Na kuota huko kulishamgharimu. Miaka ile dada yake wa mwisho anaolewa, baba yao akiwa ameshafariki, ilikuwa juu ya Mbaruku, kaka mkubwa, kuvuka ziwa kwenda Sengerema kwenye nyumba ya familia na kumwoza. Akafika kivukoni mapema kuliko wote. Lakini siku hiyo nzi wa ziwani walikuwa wamepanda, wale wadogo wanaoinuka majini kwa mamilioni na kusimama angani kama nguzo ya moshi, na nguzo ile ikawa inatembea juu ya maji taratibu, inapinda, inanyooka, inageuka rangi jua likiipitia. Mbaruku akakaa juu ya jiwe akaitazama. Kivuko kikaondoka mbele ya macho yake. Kule Sengerema mdogo wake, Bashiru, akavaa kofia akaifanya kazi ya kaka mtu, na tangu siku hiyo familia ikiwa na jambo la maana anaitwa Bashiru. Mbaruku anaitwa kwenye chakula.

Bashiru ana duka la vifaa vya ujenzi, na ni mtu wa vipimo. Hamchukii kaka yake. Anamhurumia, jambo ambalo kwa Mbaruku lilikuwa baya zaidi.

Ndipo mtaelewa harusi ya Nasma ilikuwa na uzito gani. Nasma ni binti yake wa pekee, mshonaji, msichana wa maneno machache na macho makali, na mchumba ni kijana muuza mchele wa hukohuko Sengerema. Harusi ingefungwa kwenye nyumba ileile ya familia, mbele ya watu walewale. Mwenye haki ya kumwoza ni baba yake. Mbaruku hakusema mengi, lakini kwa wiki kadhaa tulimsikia mwaloni akifanya mazoezi. Anamshika sangara, anampaka chumvi, anamwambia kwa sauti ya chini: "Nimekuozesha binti yangu Nasma, kwa mahari mliyopatana." Anamlaza. Anamchukua mwingine. Wako samaki wengi waliofika Kongo wakiwa wameozeshwa kihalali.

Ilikuwa msimu wa joto lile la kabla ya mvua za vuli, mawe yanawaka, ziwa limetulia kama uji uliopoa. Mbaruku alitaka kuyamaliza makaro yote kabla ya kusafiri, akawa anafanya kazi kama mtu anayefukuzwa. Misuli ya miguu ikaanza kumkaza. Kichwa kikawa kinamgonga. Chakula kikawa hakipandi, hata kile cha sufuria yake. Alikunywa maji.

Siku ya harusi tulivuka na kivuko cha Kamanga, sisi majirani na ndugu, wanawake wamependeza, vikapu vimefungwa vitambaa. Mbaruku alikaa karibu na ukingo akiwa amevaa kanzu, dumu la njano kati ya miguu yake. Ziwa lilikuwa jeupe. Mji ulirudi nyuma polepole, nyumba zikapanda juu ya vilima, zikawa ndogo, majabali yakabaki yamesimama ndani ya maji kama watu waliokuwa wanakuja kutuaga wakasahau walichotaka kusema. Hakukuwa na upepo. Hata injini ilikuwa kama inaongea usingizini. Kila kitu kilikuwa na kivuli chake majini, na ukitazama kwa muda huwezi kuapa kipi ni kipi.

Mbaruku akaniinamia, akaniambia kwa upole kwamba yale mawe yanatusindikiza. Nikamwambia ndiyo. Akasema lile kubwa limechoka, lilipaswa kubaki. Nikasema labda litapumzika tukifika Kamanga. Ndivyo tulivyozoea kuongea naye. Akanywa maji. Akasema samaki wametandikwa chini yetu hadi ng'ambo, wamefunguliwa wote, weupe, na kivuko hakielei, kinatambaa juu ya migongo yao. Akaniuliza kama nawasikia wanavyovuta pumzi. Nikasikiliza, na kwa kweli, kwa joto lile na weupe ule, kwa muda kidogo niliwasikia. Basi msimlaumu mtu yeyote kwa kutoona mapema. Siku ile ugonjwa wake na uzuri wa ziwa vilivaa nguo moja.

Kutoka Kamanga tulikodi gari la Noah hadi Sengerema. Nyumbani kwa familia kulikuwa na turubai, pilau inanukia, wazee kwenye mikeka. Bashiru alitoka kutupokea, amevaa joho lake jeusi lenye nakshi. Akamshika kaka yake mkono.

"Shikamoo, kaka."

Mbaruku akamtazama kwa muda, kisha akaitikia marahaba kwa nguzo ya baraza.

Sheikh Nurudin, ambaye ndiye angesimamia ndoa, ni mzee mwenye subira. Alitaka tu maneno yapitiwe mara moja kabla watu hawajajaa, akamkalisha Mbaruku mkekani, bwana harusi mbele yake, wakashikana mikono. Akamwambia aseme kama atakavyosema. Mbaruku akavuta pumzi, akafumba macho.

"Nimekuozesha binti yangu," akasema, sauti nzuri kabisa, "aliyepasuliwa mgongoni, akalazwa safu ya tatu."

Kuna mtu alicheka nyuma. Halafu akaacha. Bwana harusi alijaribu kuutoa mkono wake, taratibu, lakini Mbaruku alikuwa ameanza kuusugua.

Sheikh Nurudin akamuuliza leo ni siku gani. Mbaruku akajibu leo ni upande wa pili. Akamuuliza yuko wapi. Akasema yuko juu ya maji, ila yamesimama. Pale barazani zikasikika sufuria tu zikigongwa uani. Sheikh akaeleza, bila kumdhalilisha mtu, kwamba anayeoza lazima awe na akili timamu saa anaposema, na kama hana, haki inakwenda kwa ndugu anayefuata. Hakuwa na haja ya kusema ndugu anayefuata ni nani. Joho lilikuwa limeshavaliwa.

"Sheikh, huyu ndivyo alivyo," Bashiru akasema kwa huruma ileile. "Tumezaliwa naye, tumekua naye. Siyo kosa lake. Nitasema mimi, tusiwaweke watu."

Watu wakaanza kukubali. Ilikuwa rahisi kukubali. Nusu yao walikuwa wanakumbuka habari ya nzi.

Hapo pazia la chumbani likafunguka, na bibi harusi akatoka. Hina bado mbichi mikononi, ameishikilia mikono yake mbele kama anayebeba kitu kisichoonekana. Mashangazi wakamvuta nyuma, maana bibi harusi hatoki, na hasa hatoki kwenda kwa wanaume kubishana. Nasma hakuvutika.

"Ba' mdogo," akamwambia Bashiru, "baba yangu nimemsikia akiota tangu nizaliwe. Ndoto za baba zina kichwa na miguu. Hii siyo yake. Baba anaumwa."

Nasma akamgeukia sheikh, akamwomba wampeleke zahanati ya jirani, na kama hadi swala ya Alasiri hajarudi na akili zake, basi waendelee na amtakaye Mungu. Sheikh Nurudin akatazama kivuli cha turubai kimefika wapi, akasema sawa, watasubiri Alasiri.

Zahanati ilikuwa nyuma ya nyumba chache tu. Tulimshika Mbaruku, mimi upande mmoja, Bi Safia upande wa pili, naye akitembea kwa uangalifu ili asiwakanyage samaki. Muuguzi, Gladness, alikuwa na sauti ya mtu aliyeamka mapema. Alimpima presha, ikawa chini. Akamtoboa kidole, malaria hamna, sukari iko vizuri. Akamfinya misuli ya mguu, ilikuwa migumu kama kazi ya Mbaruku mwenyewe. Halafu akauliza mgonjwa ametapika, ameharisha, ameanguka, amepigwa degedege. Hapana. Anakunywa maji? Bi Safia akaliinua dumu kwa fahari. Anakula nini? Hapo Bi Safia akasita kidogo, akaelezea sufuria mbili.

Gladness akaweka kalamu chini.

"Hali chumvi kabisa? Na anafanya kazi gani?"

Bi Safia akamwambia. Muuguzi akatutazama mmojammoja kuona nani anatania.

Nieleze hapa kwa lugha ya mtaani, maana yeye alieleza kwa haraka huku akipima maji. Mwilini mna chumvichumvi, sodiamu, potasiamu na ndugu zao, ambazo jina lao la ukoo ni elektroliti, neno ambalo ukilitamka mwaloni samaki wanageuka. Hizo zimeyeyuka kwenye maji ya mwili, na ndizo zinazopitisha habari: ubongo unauambia mguu ukaze, unauambia ulegee, moyo unajua zamu yake. Jasho linatoka na maji pamoja nazo. Ukirudisha maji peke yake, siku baada ya siku, zilizobaki zinakuwa chache kwenye ziwa kubwa, kila moja peke yake, inaita na hakuna anayesikia. Habari zinapotea njiani. Mguu unakaza bila kuambiwa. Na ubongo, usipopata habari za kweli, unajitungia zake. Ndiyo mawe yakaanza kutembea.

Gladness alikuwa mkali kwenye jambo moja. Mtu akifika mahali pa kuchanganyikiwa hivi, alisema, hakai nyumbani kupewa dawa na majirani, analetwa aonekane. Na huyu kichwa kikizidi, au akitapika, au akishikwa na degedege, hatusubiri harusi ya mtu, ni gari moja kwa moja hospitali. Kisha akafungua pakiti ya ORS, akaimimina kwenye lita moja ya maji safi, akakoroga, akamletea Mbaruku kwenye kikombe.

Mbaruku akanusa. Akakirudisha.

"Ina chumvi," akasema. Lilikuwa jambo la kwanza la kweli alilosema siku ile.

"Ina chumvi na sukari," muuguzi akasema. "Sukari ndiyo inayoifungulia chumvi mlango tumboni. Kunywa, mzee wangu."

"Mimi nimejaa, mwanangu. Angalia." Akageuka kumwonyesha mgongo wa kanzu, ambako kwa joto la safari ramani ilikuwa imeanza kujichora. "Inafurika."

"Hiyo ndiyo inayotoka, mzee. Na huku kwenye mikono haiingii. Ngozi siyo mdomo."

Akafikiri sana juu ya hilo. Maisha yake yote yalikuwa yamesimama upande mwingine wa maneno hayo. Akatazama mikono yake, nyufa zake nyeupe, mikono iliyozamishwa kwenye magunia na magunia bila kuonja hata punje, na niliona usoni mwake kitu kama msiba mdogo. Sijui angekaa hivyo hadi lini. Bi Safia akapiga magoti mbele yake, akakishika kikombe yeye.

"Baba Nasma," akasema taratibu, "kunywa. Bashiru ameshavaa joho."

Akanywa.

Akanywa kidogokidogo kama alivyoagizwa, anameza, anapumzika. Akasema ina ladha ya kulia. Bi Safia akatoka akarudi na supu ya kuku kutoka kwenye masufuria ya harusi, supu ya watu, na ndizi mbivu mbili. Alasiri ilikuwa bado. Akalala kitandani pale, dirisha likiwa wazi, pazia la kijani likipumua. Nje kuna mtu alikuwa anafagia majani, na sauti ya ufagio ikawa inakuja na kwenda kama mawimbi madogo ya Pasiansi yanavyolamba mawe, hadi sisi wote mle ndani tukasinzia, mlinzi na mlindwa. Muuguzi alipita mara kwa mara, anamuuliza jina lake, anapima, anatoka.

Nilipofumbua macho Mbaruku alikuwa amekaa. Anatazama dirishani. Nikamuuliza anaona nini, nikiwa na hofu ya jibu. Akasema anaona banda la kuku. Nikachungulia. Lilikuwepo. Kwa kweli sijawahi kufurahia banda la kuku namna ile. Gladness akamuuliza leo ni siku gani. Akajibu ni siku ya harusi ya Nasma, na kama hawatamruhusu aondoke ataruka hilo dirisha, ingawa miguu bado inauma. Muuguzi akamfungia pakiti nyingine kwenye karatasi, akamwambia arudi kuonekana kesho kabla ya kuvuka. Akamwonya pia Bi Safia asije akammwagia chumvi sasa kwa hasira, maana iliyozidi nayo inapandisha presha. Chakula cha kawaida, sufuria moja.

Waadhini walikuwa wameshamaliza. Tuliporudi swala imekwisha, watu wamepangana mikekani, na Bashiru ameketi pale mahali pa mwenye kuoza, mkono wake umeshashikana na wa bwana harusi. Mbaruku akasimama kwenye ukingo wa turubai. Alivua viatu, akavipanga vizuri, kisigino kwa kisigino, na nadhani ndicho kilichomfanya sheikh ainue macho. Akamuuliza tena, mbele ya wote, yuko wapi.

"Niko nyumbani kwa baba yangu, Sengerema," Mbaruku akasema. "Na huyo aliyekaa mahali pangu ni mdogo wangu."

Bashiru alimtazama kaka yake kama anavyotazama mbao zikiletwa dukani, anatafuta palipopinda. Kisha akauachia mkono wa kijana. Akainuka, akavua lile joho, akamvalisha Mbaruku, akamtengeneza begani palipokunjamana, akarudi nyuma kukaa na watu wengine. Hakuna aliyemwomba. Siku ile nilimwona Bashiru mrefu kuliko vipimo vyake.

Mbaruku akakaa, akakunja miguu. Nyuma ya pazia mtu mmoja alikuwa anasikiliza. Akasema: nimekuozesha binti yangu Nasma, kwa mahari mliyopatana. Hakukosea hata herufi. Kijana akakubali. Kigelegele kikapasuka uani, na mwanga wa jioni ukaingia chini ya turubai ukiwa na rangi ya maji ya machungwa, ukakaa juu ya ndevu zake zenye ukoko, ukakaa juu ya mikono yake iliyokuwa bado imemshika mkwe wake. Kwa kitambo ilikuwa kana kwamba nyumba nzima imenyanyuka kidogo kutoka ardhini, pamoja na mikeka, na wazee, na pilau, ikawa inaelea mahali pasipo na uzito. Watu wazima walilia. Bashiru alipenga kamasi kwa kelele.

Nimelibeba tukio lile tangu hapo kama mtu anayebeba yai. Majuzi nikashuka mwaloni kumtafuta. Nikamkuta yuleyule, mabuti yaleyale, anasugua sangara, ila pembeni kuna uji wenye chumvi na limau, na Bi Safia anapika sufuria moja. Nikakaa juu ya jiwe. Nikamwambia nataka kuandika habari zake, watu wajue. Nikamwambia nimefikiri sana juu yake: mtu aliyekwenda hadi ile nchi nyeupe ambako mawe hutembea na samaki hupumua, akarudi kwa kikombe kimoja cha machozi, akaketi mahali alipokosa kuketi miaka ile, akamtoa mwanawe kwa ulimi wake mwenyewe. Nikamuuliza, kwa sauti niliyoitayarisha tangu nyumbani, moyoni mwake kulikuwa na nini dakika ile aliposhika ule mkono.

Aliacha kusugua. Akatazama ziwa, mbali, hadi kule ambako maji na hewa huacha kutofautiana. Akatazama kwa muda mrefu sana, na mimi nikazuia pumzi nisimkatize.

"Mguu ulikuwa umekufa ganzi," akasema. "Nilitaka wamalize ninyooshe."